Jasi isiyolegea kwa maji: kuchanganya pozolana, saruji na chokaa hatua kwa hatua

Chukua kipande cha jasi kilichokauka vizuri ukigonge kwa ukucha: kinalia kama kigae. Kizamishe kwenye ndoo ya maji hadi kesho yake, ukitoe, kisha ukikwangue kwa ukucha uleule. Safari hii ukucha unachimba mfereji na kutoka na uji mweupe. Kipande hakijapoteza umbo, ila nguvu yake imeshuka hadi theluthi moja hivi ya ile ya jana. Kiache kikauke, na nguvu inarudi karibu yote. Ndiyo sababu jasi, au jipsamu kama mafundi wengi wanavyoiita, imebaki kuwa kitu cha dari na kuta za ndani, na ukitaja bafu au ukuta wa nje kila mtu anatikisa kichwa.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuitoa jasi humo ndani: anayemimina matofali mepesi ya kugawia vyumba, vibao, mapambo ya ukutani au sakafu ya kusawazisha. Njia ni kuongeza unga wa madini, yaani pozolana (kama majivu ya volkano), slagi (mavi ya chuma ya tanuru yaliyosagwa), chokaa na saruji. Kupata unga huo si kazi kubwa. Kazi iko kwenye mmoja wao, ule ambao karibu kila mtu anaukimbilia kwanza. Ukiingia peke yake, unabomoa kila ulichojenga miezi kadhaa baada ya wewe kulipwa na kuondoka.

Kinachotokea ndani ya karai

Jasi ya ujenzi ni jiwe la jasi lililookwa kwa joto la kati ya nyuzi 120 na 180 za Selsiasi mpaka likapoteza robo tatu ya maji yaliyofungwa ndani ya fuwele zake. Ukiurudishia unga ule maji, unayeyuka, kisha unajipanga upya kuwa fuwele nyembamba kama sindano, zimesukana na kushikamana. Msukano huo ndio unaobeba mzigo. Hakuna gundi nyingine.

Kwa hesabu, kilo 1 ya unga inahitaji gramu 186 tu za maji ili igande yote. Lakini jasi ya kawaida ukiipa kiasi hicho haikorogeki. Inataka gramu 600 hadi 800 kwa kilo ndipo imiminike. Yale ya ziada yote yanakauka na kuacha vitundu. Halafu jasi yenyewe inayeyuka kidogo: lita 1 ya maji inabeba gramu 2 na kitu. Kiasi hicho ni kidogo mno kuimaliza kazi yako kama sukari kwenye chai, lakini kinatosha kulegeza sehemu sindano zinaposhikana.

Basi ziko njia mbili za kuiimarisha. Moja ni kupunguza maji ya kukorogea, na ipo jasi inayotengenezwa kwa mvuke wenye shinikizo, ile inayoitwa alfa, ambayo inaridhika na gramu 300 hadi 450 kwa kilo. Ya pili ni kujaza vile vitundu kwa kitu ambacho maji hayakiwezi. Viongezi vya madini vinafanya hii ya pili.

Mtego wa saruji

Wazo la kwanza la kila fundi ni hili: saruji haiogopi maji, jasi inaganda haraka, nikizichanganya nitapata vyote viwili. Kwa wiki kadhaa ni kweli unavipata. Miaka ya nyuma nilimimina vibao vya kufunikia ukuta wa bafu, robo yake saruji na iliyobaki jasi. Vilitoka vigumu, vimenyooka, vina mlio mzuri. Nilijisifu. Mwezi wa tano nikaitwa kuviangalia. Pembe za vibao vilivyo karibu na bomba zilikuwa na mipasuko myembamba kama unywele, na kibao kimoja kilikuwa kimepinda katikati kiasi cha kuingiza ncha ya penseli nyuma yake. Nilipokigonga kilijibu kwa sauti ya debe. Kimya kingi kina mshindo.

Kilichotokea ni hiki. Ndani ya saruji mna alumina (oksidi ya alumini) na mna chokaa huru inayozaliwa kadiri saruji inavyoganda. Jasi inaleta salfeti bila kikomo. Vitatu hivyo vikikutana na maji vinatengeneza fuwele iitwayo etringiti, inayofunga molekuli 32 za maji kwa mkupuo mmoja. Inavimba. Ikizaliwa siku ya kwanza, uji ukiwa laini, haina neno kwa sababu inapata nafasi. Ikizaliwa mwezi wa tatu ndani ya kitu kigumu, inasukuma mpaka kitu kinapasuka. Mahali penye baridi na unyevu huja na nduguye, thaumasiti, ambayo hata haipasui. Inageuza uji wa saruji kuwa kama ugali.

Mtu atauliza: mbona saruji yenyewe inatiwa jasi kiwandani? Ndiyo, inatiwa asilimia 3 hadi 5, kuichelewesha isigande kabla hujaimimina. Kiasi hicho kinaliwa chote mapema, zege likiwa bado changa. Sisi tunazungumzia jasi iliyo nyingi kuliko saruji, isiyoisha.

Kwa njia hiyohiyo utaelewa kwa nini skimu ya jasi, lile tabaka jembamba la kulainisha ukuta, iliyopakwa juu ya plasta ya saruji ambayo bado mbichi inabanduka kama ganda la yai. Kwenye mpaka wa vitu hivyo viwili etringiti inazaliwa na kuvisukuma viachane. Acha plasta ikauke kabisa, paka praima ya kuzuia, ndipo upake skimu.

Mpatanishi

Dawa ilifanyiwa kazi Muungano wa Kisovieti, kuanzia miaka ya 1950, na A. V. Volzhensky na wenzake. Badala ya kuiondoa saruji waliongeza kitu cha tatu: pozolana, yaani unga wenye silika (madini kama ya mchanga) iliyo tayari kula chokaa. Majivu ya volkano ndiyo pozolana ya asili, na jina lenyewe linatokana na mji wa Pozzuoli karibu na Naples. Silika hiyo inaikamata chokaa huru kadiri inavyotoka kwenye saruji na kuigeuza kuwa gundi ileile inayolipa zege nguvu. Chokaa ikipungua ndani ya maji ya kwenye vitundu, etringiti ya kuchelewa haipati mazingira ya kukua. Unabaki na sindano za jasi zinazokupa nguvu ya saa ya kwanza, na gundi isiyoyeyuka inayojengeka polepole katikati yake.

Kwa hiyo kanuni ninayoifuata mimi ni moja: saruji haiingii kwenye karai la jasi bila pozolana, hata kijiko. Kama huna pozolana, acha saruji ndani ya mfuko wake na ufanye kazi ya jasi tupu mahali pakavu.

Hatua ya 1: hakikisha pozolana yako iko hai

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, maana unga wa kijivu hauna alama usoni ya kukuambia kama una nguvu. Zinazofaa ni nyingi: majivu ya volkano, jiwe la povu lililosagwa, udongo wa diatomu, majivu laini ya makaa ya mawe kutoka mitambo ya umeme, majivu ya maganda ya mpunga, udongo mweupe wa kaolini uliochomwa, vumbi la silika linalonaswa kwenye matanuru ya silikoni, hata matofali ya kuchoma yaliyosagwa. Lakini kila moja ina tabia zake.

Matofali: chagua yaliyoiva kwa kiasi, yanayokwanguka. Yale yaliyochomwa mpaka yakang'aa kama kioo cheusi au yakaungua vibaya ni magumu, ila kikemia yamekufa.

Majivu ya maganda ya mpunga: moto ukizidi nyuzi 700 hivi kwa muda mrefu, silika inaanza kujipanga kuwa fuwele na hamu yake ya chokaa inapungua. Moto ukiwa mdogo mno, mkaa unabaki, majivu yanakuwa meusi na yanafyonza maji kama sifongo. Unataka kijivu.

Kaolini iliyochomwa, ambayo kwa jina la kitaalamu ni metakaolini, huchomwa kati ya nyuzi 650 na 800. Ina njaa kali sana ya chokaa. Lakini ina alumina nyingi, na alumina ndiyo malighafi mojawapo ya etringiti. Siikatazi, ila usiiamini mpaka uone vipande vyako vya kungoja (hatua ya 6) vimekaa miezi bila kuvimba.

Vumbi la silika ndilo kali kuliko yote, chembe zake ni ndogo kuliko za saruji mara mia. Kwa sababu hiyo linakunywa maji mengi, na bila kilainishi uji wako utakuwa kama kinata.

Chochote ulicho nacho, kisage kiwe laini kama saruji. Ukikisugua kati ya vidole kusiwe na chengachenga. Kama una chekeche la mikroni 80, kisibaki zaidi ya sehemu 1 katika 10 juu yake.

Sasa kipimo. Pima kwa mizani sehemu 1 ya chokaa iliyozimwa na sehemu 2 za pozolana. Changanya na maji kidogo uwe donge linalofinyangika. Tengeneza vidonge vitatu, unene wa kidole, vifunge ndani ya mfuko wa plastiki vikiwa na unyevu wake na uviweke mahali penye joto, nyuzi 40 hadi 50 ikiwezekana, kwa siku 7. Pembeni tengeneza vidonge vingine vitatu vya namna hiyohiyo, ila weka mchanga uliosagwa laini mahali pa pozolana. Siku ya nane tumbukiza vyote majini. Vya mchanga vitaporomoka au vitalainika. Vya pozolana iliyo hai vitabaki vigumu, ukucha hauingii. Kama vyote sita vinafanana, hiyo si pozolana. Ni vumbi tu, tafuta nyingine.

Hatua ya 2: chagua mchanganyiko

Kwa jasi, saruji na pozolana, uzito wote ukiwa 100, mipaka iliyozoeleka ni jasi 50 hadi 75, saruji 15 hadi 25, pozolana 10 hadi 25. Mimi huanzia 60, 20 na 20. Yaani kwa kilo 10 za unga: kilo 6 za jasi, kilo 2 za saruji, kilo 2 za pozolana. Pozolana isipungue saruji kwa uzito. Ikiwa ni dhaifu kidogo kwenye kile kipimo cha vidonge, ipandishe hadi mara moja na nusu ya saruji. Kosa la kuzidisha pozolana linakugharimu nguvu kidogo. Kosa la kuipunguza linakugharimu kazi nzima.

Ukiweza kupata saruji inayohimili salfeti, ichukue. Alumina yake ni pungufu, na hiyo ni silaha moja mkononi mwa etringiti unayoinyang'anya.

Anayefanya kazi kubwa na ana maabara karibu asikisie. Wasovieti walikuwa na kipimo chake: jasi, saruji na pozolana vinatikiswa ndani ya maji kwenye chupa iliyofungwa, kisha yanapimwa maji yamebeba chokaa kiasi gani. Siku ya 5 isizidi gramu 1.1 kwa lita, siku ya 7 isizidi 0.85, ikihesabiwa kama oksidi ya kalsiamu. Pozolana inaongezwa mpaka namba zikae chini ya hapo. Ni kazi ya kupima kwa asidi ambayo maabara ya kawaida ya shule ya sekondari inaiweza.

Kuna njia isiyotumia saruji kabisa, nami ninaipenda kwa mapambo meupe: jasi, chokaa iliyozimwa asilimia 5 hadi 10, na pozolana mara mbili ya chokaa. Inapata nguvu polepole zaidi na haifiki mbali kama ile ya saruji, lakini ni tulivu na rangi yake haichafuki. Ukiwa na slagi, yaani mavi ya chuma yanayotoka kwenye tanuru la kuyeyushia, yakapozwa ghafla kwa maji na kusagwa, unaweza kuiweka mahali pa pozolana. Slagi hiyo inahitaji kuamshwa, na chokaa asilimia 2 hadi 5 pamoja na salfeti ya jasi vinatosha kuiamsha. Iliyopozwa polepole hewani ikawa jiwe haiamki.

Unga wa mawe ya chokaa, ule mweupe wa kujazia, usikudanganye. Unapunguza gharama na kufanya uso uwe laini, ila haulindi jasi na maji. Tena ukiuweka pamoja na saruji mahali pa baridi na unyevu, unaipa thaumasiti chakula chake.

Hatua ya 3: tafuta maji

Kila unga mpya unabadilisha kiu. Usinakili kiasi cha mtu mwingine, pima chako. Kata bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 50, urefu milimita 100, ncha zote zikiwa zimenyooka. Lisimamishe juu ya kioo kilichofutwa kwa kitambaa chenye unyevu. Koroga gramu 300 za unga na gramu 165 za maji, jaza bomba, sawazisha juu, kisha linyanyue wima kwa mkupuo. Uji utatandaa kama chapati. Pima upana wake. Ukifika milimita 180, hicho ndicho kiasi cha kawaida cha kumimina. Ukizidi, punguza maji na urudie kwa unga mpya; ukipungua, ongeza. Fanya haraka, una dakika chache tu.

Andika namba hiyo. Kila gramu ya maji unayoweza kuiondoa bila uji kukataa kumiminika ni kitundu kimoja pungufu. Vilainishi vya zege vinasaidia sana hapa. Si madini, lakini ningekuwa mchoyo nisipovitaja. Vile vya jamii ya melamini na naftaleni vimetumika kwenye jasi kwa miaka mingi. Vya polikaboksileti vina nguvu zaidi, ila baadhi yake vinachelewesha jasi kupita kiasi, kwa hiyo jaribu kwenye kikombe kwanza.

Hatua ya 4: changanya

Vaa barakoa, miwani na glavu. Saruji na chokaa vinaunguza ngozi na macho, na vumbi la silika au la matofali likiingia mapafuni halitoki. Usiwahi pia kuzamisha mkono ndani ya jasi inayoganda ili upate umbo lake. Jasi ikiganda kwa wingi inatoa joto la kutosha kuunguza, na ikishakuwa ngumu mkono hautoki. Watu wamepoteza vidole kwa mchezo huo.

Anza na vikavu. Saruji na pozolana kwanza, mpaka rangi iwe moja bila michirizi, halafu jasi. Ndoo iwe safi kabisa, na hili silisemi kwa ajili ya usafi. Chembe za jasi iliyoganda jana zikibaki ukingoni zinakuwa mbegu: fuwele mpya zinajishikiza hapo na uji unaganda kabla hujageuka. Mafundi wengi wanailaumu jasi "iliyoharibika" wakati mwenye kosa ni ndoo.

Jasi ya kawaida huanza kushika ndani ya dakika 5 hadi 15, na chumvi zilizomo kwenye saruji mara nyingi zinaiharakisha. Unahitaji kicheleweshi. Asidi ya sitriki, ile ya unga inayouzwa kwa mapishi, inatosha: gramu 0.5 kwa kila kilo ya unga ndio mwanzo mzuri, na usivuke gramu 1. Iyeyushe kwenye maji kabla ya unga kuingia. Zaidi ya hapo inazifanya sindano kuwa fupi na nene, hazisukani vizuri, na nguvu inaanguka.

Weka maji kwanza, unga baadaye. Unyunyize juu ya maji kama unavyonyunyiza unga wa uji, uache dakika moja ulowe wenyewe, ndipo ukoroge. Ukitumia drili, mwendo wa chini na fimbo ya kukorogea ibaki ndani ya uji, usivute hewa. Dakika moja hadi mbili zinatosha. Mimina mara moja kwenye kalibu iliyopakwa mafuta mepesi, gonga pembeni mapovu yapande.

Na uji ukianza kushika, mwisho wake umefika. Usiongeze maji ukakoroga upya. Utakuwa umezikata sindano zilizokwisha kusukana na hazitasukana tena.

Hatua ya 5: fungia unyevu

Fundi wa jasi amezoea kutoa kazi kwenye kalibu baada ya nusu saa na kuianika. Hapa tabia hiyo inaua kila kitu ulichoongeza. Jasi imeshamaliza kazi yake saa ya kwanza, lakini saruji na pozolana ndiyo kwanza zinaanza, na bila maji zinalala. Kibao ukikianika juani siku hiyohiyo, umemimina jasi yenye vumbi ndani yake.

Kitoe kwenye kalibu kikishakuwa kigumu, kifunge kwa plastiki au kifunike kwa magunia yenye unyevu. Siku 7 ndio kiwango cha chini, 14 ni bora, na kwa mchanganyiko wa chokaa bila saruji sipungui 21. Baada ya hapo kikaushe kivulini penye upepo. Ukitumia tanuri la kukaushia, joto lisipite nyuzi 40. Juu zaidi fuwele za jasi zinaanza kutoa maji yake yenyewe, na uso unageuka chaki.

Hatua ya 6: vunja vipande

Usiuze wala kupandisha ukutani mchanganyiko ambao hujauvunja. Tengeneza kalibu ya vijiti vya milimita 20 kwa 20 kwa 160. Mimina vijiti 12 vya mchanganyiko wako na 6 vya jasi tupu, vya kulinganishia.

Siku ya 28 chukua vijiti 6 vya mchanganyiko. Vitatu kausha kwa nyuzi 40 mpaka mizani iseme uzito uleule siku mbili mfululizo. Vitatu vizamishe majini siku 2. Fanya vivyo hivyo kwa jasi tupu. Kisha pata kingo mbili zilizosimama, umbali wa milimita 120 katikati yake. Laza kijiti juu, pitisha kamba katikati na uning'inize ndoo. Mimina mchanga polepole kwa kikombe, ndoo ikiwa sentimita chache tu kutoka sakafuni, hadi kijiti kikatike. Pima ndoo na mchanga wake. Kijiti kikavu kizuri kitabeba kilo 10 hadi 25 hivi, ndiyo maana nimechagua vipande vyembamba. Kijiti cha milimita 40 kwa 40 kingetaka upande wewe mwenyewe juu ya ndoo.

Gawanya wastani wa mzigo wa vilivyolowa kwa wastani wa vikavu. Jasi tupu itakupa kati ya 0.3 na 0.45. Mchanganyiko uliofanikiwa utakupa zaidi ya 0.6, na kuanzia 0.8 unahesabiwa kuwa unahimili maji. Ukipata 0.5 usikate tamaa mapema: angalia kwanza kama vijiti vilikauka siku za mwanzo. Mara nyingi kosa liko hatua ya 5, mchanganyiko wenyewe hauna tatizo.

Vijiti 6 vilivyobaki ni vya kungoja. Vipime urefu siku ya 7 kwa kalipa inayosoma angalau sehemu 5 za mia za milimita, andika namba juu ya kila kimoja, uviweke ndani ya chombo chenye kifuniko, juu ya waya, na maji chini yake bila kugusana. Vipime kila wiki. Kunyanyuka kidogo mwezi wa kwanza si ajabu. Kinachotisha ni kijiti kisichotulia, kinachoongezeka tena mwezi wa pili na wa tatu. Tazama na pembe: mipasuko ya etringiti huanzia huko. Vunja vitatu mwezi wa tatu na vitatu mwezi wa sita. Mzigo wake ukiwa sawa na wa siku ya 28 au umepanda, una mchanganyiko wa kazi. Ukiwa umeshuka, rudi hatua ya 2 na uongeze pozolana.

Najua miezi sita ni mirefu na mteja anapiga simu. Mpe jasi tupu ya chumbani akusubiri.

Mahali pa kutoupeleka

Hata ukipata 0.8, hii si zege. Kuta za bafu zilizofunikwa vigae, matofali ya kugawia vyumba, sakafu ya kusawazisha, mapambo ya nje yaliyo chini ya ukingo wa paa: hapo inakaa. Msingi, tangi, mfereji, au ukuta unaopigwa na maji ya bomba la paa mfululizo: hapana, kwa sababu maji yanayotiririka yanabeba zile gramu 2 kwa lita kila siku na kwenda zake.

Chuma nacho. Ndani ya zege nondo haishiki kutu kwa sababu kuna chokaa nyingi inayoilinda. Sisi hapa tumeila chokaa hiyo makusudi. Nondo tupu, waya wa kufungia, hata msumari wa kawaida ulioachwa ndani utatoa doa la kahawia kwenye uso mweupe, na baadaye utavimba. Tumia skrubu zilizopakwa zinki au za chuma kisichoshika kutu. Kwa kuimarisha vibao ingiza nyuzi za mkonge zilizokatwa urefu wa kidole, zilizoloweshwa kwanza ili zisinyonye maji ya uji wako.